Fundi Bodi Aliyekwenda kwa Miguu

Fundi bodi wetu alikuwa na mwiko mmoja uliojulikana mtaa wetu wote wa Magomeni: hakupanda gari aliloligusa. Na kwa kuwa hapa Kilosa ilikuwa shida kupata gari kuukuu ambalo hajaligusa, alitembea. Alikwenda sokoni kwa miguu, stesheni kwa miguu, na makaburini alikwenda kwa miguu nyuma ya gari la msiba, akafika watu wameshafukia, akachukua koleo na kuongeza udongo juu ya udongo. Ukimkuta njiani ukapunguza mwendo na kumwambia, "Fundi, panda nikusogeze," aliinama kidogo, akachungulia chini ya mlango wako, akasema, "Tangulia mwanangu, mimi niko kwenye mazoezi." Mazoezi gani ya saa saba mchana, tena na ndala?

Watu walicheka. Mimi sikuweza kucheka vizuri. Nyumba yetu ilitazamana na gereji yake, na pikapu yetu ndiyo iliyokuwa ikitulisha. Mume wangu, Baba Zawadi, alipeleka chumvi ya ng'ombe kwa wafugaji wa Msowero, akarudi na mahindi, na siku nyingine akateremka na mzigo mpaka Mikumi. Sakafu ya pikapu hiyo, pale ndani dereva na abiria wanapoweka miguu, ilikuwa kazi ya Fundi. Sasa wewe fikiria: aliyepika hataki kuonja, na wewe umeshampakulia mumeo.

Nilichokitaka kwake miaka yote ile ni neno moja tu. Nilitaka aniambie gari ni zima. Nilimuuliza kwa upole, nilimuuliza kwa hasira, nilimuuliza nikiwa nimempelekea uji. Alifuta mikono kwenye suruali, akalitazama gari kuanzia taa za mbele mpaka za nyuma, kisha akasema, "Kwa leo linaenda." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake kwa kila mtu na kwa kila gari. Na kesho je? Kesho hakuizungumzia.

Ile gereji naiita gereji kwa heshima. Ilikuwa nguzo nne na mabati, mashine ya kuchomelea iliyokuwa ikifanya taa za mtaa mzima zipepese, na mtungi wa gesi uliofungwa mnyororo kwenye kisiki. Milango ya magari ilipangwa ukutani, mingine bado ina vioo. Ukifika pale na shida yako, kwanza unaamkia. Alikuwa mkali sana kwenye salamu. Kijana mmoja wa bodaboda alikuja siku moja na "Mambo, mzee," Fundi akaendelea kunyoosha bati lake kana kwamba upepo ndio umepita. Kijana alisimama mpaka akachoka, akaondoka, akarudi na "Shikamoo." Fundi akaitikia, "Marahaba, umefika saa hizi?"

Baada ya salamu alivua ndala. Hakuingia kwenye gari la mtu na viatu. Alipanda peku, akasimama kwenye sakafu, akahamisha uzito mguu huu na mguu huu, macho kayafumba. Kisha akashuka, akachukua spana, akaanza kugonga sakafu taratibu kutoka pembeni kwenda katikati. Kinyozi wa jirani alipunguza redio yake bila kuambiwa, na mteja akabaki na nusu ya kichwa.

"Chuma kizima kinaitika," alisema. "Kilichooza kinameza sauti."

Nilijaribu mara nyingi kusikia alichokuwa anasikia. Niligonga sakafu yetu kwa mwiko wa ugali, Baba Zawadi akiwa kalala, nikagonga hapa nikagonga pale, yote ikanilia sawasawa. Nilijiongezea hofu tu.

Sisi tulikuwa tumejiharibia wenyewe. Chumvi ya ng'ombe ni mali, lakini ikinyeshewa inageuka maji na hasara. Masika turubai halisaidii kitu, maji yanapita tu chini. Kwa hiyo Baba Zawadi, kama wabebaji wengine wote wa njia ya Msowero, alikuwa anaipakia mifuko ndani, miguuni kwa abiria na nyuma ya viti, penye pakavu kuliko pote. Wote walifanya hivyo na wote walijiona wajanja. Juu ya sakafu tulikuwa tumetandika kapeti zuri la kahawia, ili gari lipendeze. Chumvi ikavuja kidogo kidogo, kapeti likanywa, na likishakunywa halikauki. Sisi tukawa tunalipiga brashi kwa juu.

Siku tuliyogundua, nilikuwa nimemsindikiza Baba Zawadi Mikumi. Mvua ilikuwa imekatika, barabara ina matope, tumeshakipita kijiji cha Ulaya, tunaongea habari za ada. Nikasikia ubaridi kwenye unyayo wa kulia. Nikasogeza mguu, kapeti likabonyea, na kandambili yangu ikatoka mguuni ikaenda. Sikuelewa imeenda wapi. Nilipofunua kapeti niliona barabara. Niliona matope na kokoto zikikimbia chini yangu, karibu kabisa, na kingo za kutu zimezunguka zile kokoto. Nilipandisha miguu yote miwili kwenye dashibodi, nikakaa hivyo mpaka Mikumi, mtu mzima mwenye kitenge. Sikuwa naifikiria kandambili. Kiti kile kwa kawaida ni cha Zawadi, na wakati ule Zawadi alikuwa darasa la kwanza, mguu wake mwembamba. Kila nilipofumba macho niliuona mguu ule ukiingia.

Tuliporudi nilimwambia Baba Zawadi asizime gari nyumbani, aende moja kwa moja kwa Fundi. Fundi alivua ndala zake kama kawaida, lakini hakupanda. Alinitazama mguu mmoja mtupu, akaniambia, "Ingiza mkono."

"Nimeshaona, Fundi."

"Macho yanasamehe haraka. Ingiza mkono."

Huo ulikuwa utaratibu wake, na hakumsamehe mtu, awe mwalimu, awe mchungaji, awe mwenye malori ya miwa kutoka Kidodi. Mwenye gari lazima apapase kutu kwa mkono wake. Nikaingiza. Bati lilikuwa linamenyeka kama ukoko wa wali, vipande vikabaki kiganjani. Fundi alichukua kimoja, akakigusa kwa ncha ya ulimi, akatema pembeni.

"Mnabeba chumvi humu ndani."

Baba Zawadi akaanza kueleza habari za mvua na hasara. Fundi alimwacha amalize, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu, kisha akasema, "Ng'ombe anailamba chumvi. Na chumvi nayo inalamba gari. Wewe umewalisha wote wawili."

Ugomvi ulikuja kwenye kukata. Fundi alikuwa na kanuni ya kukata mpaka akutane na chuma kizima, na alikata kwa tindo na nyundo pale ambapo wengine wangetumia grenda, ili asikie. Baba Zawadi alikwenda kunywa chai, akarudi, akakuta upande wa abiria hauna kitu, unaona ardhi ya gereji na kuku anapita.

"Fundi, mimi nimekuletea tundu la ndala. Hili sasa ni tundu la mbuzi."

"Tundu lako lilikuwa hili hili," Fundi alijibu bila kuinua kichwa. "Ulilokuwa unaliona ni mlango wake."

Mafundi wengine wa mjini wangepiga puti, wakaweka bati la debe, wakamwaga lami juu na kurudisha kapeti, na jioni ile ile ungekuwa barabarani. Yeye aliosha kwanza. Alimwaga maji ndoo kwa ndoo ili chumvi itoke, akaacha gari juani likauke, akaosha tena, na sisi huku hatuna safari, nami nikihesabu vibaba. Alipomaliza kuchomelea bati jipya nene, akapaka rangi ya kuzuia kutu juu na chini, nikaona anachukua drili na kutoboa vitundu vidogo pembeni mwa sakafu aliyotoka kuiziba. Nilivuka barabara mbio.

"Fundi, unatoboa tena?"

"Maji yataingia tu, Mama Zawadi, upende usipende. Wewe yaonyeshe pa kutokea."

Nikamuuliza kama sasa gari ni zima. Unajua alichojibu.

Kapeti letu hakulirudisha. Huo nao ulikuwa utaratibu wake. Kapeti likishatolewa kwenye gari kwa ajili ya kutu halirudi, maana alisema mtu anayetandika kapeti hataki kujua anakanyaga nini. Nilikubali, nikaona ana hekima. Kisha mkewe akaugua malaria, nikaenda kumjulia hali, nikavua viatu mlangoni, nikaingia sebuleni. Nyumba nzima ilikuwa imetandikwa makapeti ya magari. La bluu la Peugeot ya zamani ya padri, jekundu la teksi, jeusi lenye matundu ya gia, na katikati, chini ya meza ya chai, letu la kahawia. Yalikuwa yameoshwa vizuri na kuunganishwa kwa uzi wa viatu.

"Usikanyage pale kwenye jekundu," mkewe akaniambia kutoka kitandani. "Chini kuna ufa tangu mafuriko. Kila siku namwambia apige sementi, ananiambia kwani unaonekana?"

Nilicheka mpaka mgonjwa naye akacheka. Nilikuwa na hamu ya kwenda kumwambia aingize mkono. Sikwenda, mtu huwezi kumwambia fundi hivyo mbele ya wateja wake.

Kwa nini hapandi? Kila mtu alikuwa na jibu lake, kwa sababu kila mtu alipewa la kwake. Kinyozi aliambiwa ni kizunguzungu. Mwenyekiti wa mtaa aliambiwa gari haliogopwi, anayeogopwa ni dereva. Treni alipanda bila wasiwasi, akaenda Dodoma na kurudi, na alipoulizwa alisema, "Lile sijaligusa mimi." Wenye maneno yao walisema kuna gari alilitengeneza zamani, likatokea jambo. Lakini hakuna aliyeweza kusema gari gani wala jambo gani, na sipendi kumbebesha mtu mzigo ambao haukuonekana. Mimi nilipomkazania sana aliniambia, "Mama Zawadi, fundi jeneza halali ndani kujaribu urefu." Alidhani ananichekesha. Kesho yake Baba Zawadi alipowasha gari kwenda Msowero nilisimama barazani nikilitazama lile bati la nyuma mpaka likapotea, na yale maneno ya jeneza yakiwa bado masikioni.

Hata harusi ya binti yake haikumtoa kwenye msimamo. Yule binti ndiye mtoto wao pekee, na aliolewa na mtu wa Mikumi. Bibi harusi alipambiwa gari la mwalimu mkuu, gari lenye sakafu ya Fundi, milango ya Fundi na hata nguzo ya kioo cha mbele kaichomelea Fundi. Baba mtu alitakiwa akae pembeni ya binti yake mpaka kanisani. Alitoka amevaa suti, akafungua mlango, akamkalisha binti yake vizuri, akakusanya shela lisibanwe, akafunga mlango taratibu kwa mikono miwili, kisha akaanza kutembea mbele ya gari. Dereva angefanya nini? Huwezi kumpita baba wa bibi harusi ukamwachia vumbi. Msafara wote ulikwenda kwa mwendo wa miguu yake, honi zinapigwa, tarumbeta zinapigwa, akina mama wanashuka kwenye pikapu kucheza na kupanda tena, na yeye mbele, jasho linamtiririka, kila hatua chache anageuka kutazama magurudumu. Binti alikuwa anacheka na kulia pamoja. Mchungaji alisubiri.

Lakini mimi nilimjua kwa kitu kingine, kitu ambacho majirani wengi hawakukiona kwa sababu kila mmoja alidhani ni kwake tu. Jioni, akishafunga mashine, Fundi alipita nyumba kwa nyumba. Kwangu alikuja kuomba moto wa kuwashia jiko. Kwa mwalimu mkuu alikwenda kuuliza saa. Kwa mwenye teksi alikwenda kuomba maji ya kunywa, wakati kwake kuna bomba. Huku anaomba, macho yanatafuta uani. Gari likiwepo alichukua moto wake akaenda. Gari lisipokuwepo alisema, "Baba Zawadi bado?" kwa sauti ya kawaida kabisa, na mimi nikatoka kuchungulia barabara. Mkewe ndiye aliyeniambia siri: hali chochote mpaka magari yote yawe yamerudi. Chakula kinapoa, kinafunikwa, kinapashwa. "Nimeolewa na zamu ya ulinzi," alisema.

Nilikuwa na hasira naye kwa hilo. Nilijipangia kutokuwa na wasiwasi mpaka giza liingie, na yeye alinifikia kabla ya giza. Nilianza kumwogopa kuliko barabara. Nikisikia ndala zake kwenye kokoto kabla sijasikia injini yetu, mkono uliokuwa unakoroga ulisimama.

Masika moja mto ulijaa, watu wakawa wanasema njia ya Mikumi imekatika mahali. Baba Zawadi alikuwa ameondoka asubuhi. Simu yake haikupatikana. Fundi alikuja kuomba moto, nikampa, akaushika ule ukuni akakaa nao kwenye benchi letu la barazani, hakuondoka. Ukuni ulizimika mkononi mwake. Hakuniambia usijali, hakuniambia Mungu yupo. Zawadi alikuwa anafanya hesabu zake za shule chini ya taa, akauliza, "Babu Fundi, gari letu ni bovu?" Nilitega sikio, nikasema labda mtoto atapewa neno nililonyimwa mimi.

"Nililigonga wiki iliyopita," alisema. "Liliitika."

Taa zilipotokea kwenye kona, alisimama. Alingoja mpaka Baba Zawadi amezima injini, akaona ameshuka kwa miguu yake miwili, akaondoka na ukuni wake uliozimika. Baba Zawadi alikuwa amechelewa kwa foleni ya malori tu. Mimi nilikwenda jikoni nikalia, na sitaona aibu kusema hivyo.

Miaka imekwenda. Zawadi yuko Morogoro, ana maisha yake. Baba Zawadi magoti yamemwishia, kanyagio la klachi linamuumiza, kwa hiyo nilijifunza kuendesha nikiwa mtu mzima na sasa dereva ni mimi. Chumvi tunaibeba nyuma, kwenye mapipa ya plastiki yenye vifuniko. Mke wa Fundi alifariki. Fundi mwenyewe alianza kugonga kwa nguvu zaidi, kisha akawa anagonga mahali pamoja mara nyingi, kisha siku moja nikamwona amelaza sikio kabisa juu ya sakafu ya gari la mtu. Nyundo za miaka yote zilikuwa zimeyala masikio yake. Hakungoja aharibu gari la mtu, alifunga. Mnyororo ukabaki kwenye kisiki.

Tangu hapo hakuna aliyeigonga sakafu yetu. Na masika yaliyopita, kona ya kushoto mbele, pale miguuni kwa abiria, ilianza kulia. Sauti ndogo, ya bati juu ya bati, kwenye mashimo tu. Nilimpelekea fundi kijana, akatazama akiwa na viatu vyake, akasema tutamwaga lami itanyamaza. Nilisema nitarudi. Nikawa naendesha nayo, sikio moja barabarani, sikio moja kwenye ile kona.

Ndipo asubuhi moja, natoa gari kwenda Mikumi, nikamwona Fundi amesimama getini na begi, na kapeti la kahawia limekunjwa kwapani.

"Shikamoo, Fundi."

Aliutazama mdomo wangu. "Marahaba. Binti kasema nihamie kwake. Nimesikia unakwenda Mikumi, maana yake nimeambiwa. Kiti kipo?"

Kinyozi alitoka nje na mashine yake mkononi. Baba Zawadi alisimama barazani ameshika ukuta. Nilimwonyesha gari kwa kidole, kwamba ni hili, Fundi, hili hili ulilolitengeneza.

"Nalijua," alisema. "Zamani nikikaa ndani nilisikia kila kiraka. Kila kimoja kinaongea, kizima na kinachooza. Utasafiri vipi na kelele ile? Sasa vimenyamaza vyote." Akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka, akanitazama usoni kwa makini. "Mama Zawadi. Gari ni zima?"

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Ni neno dogo, na mzee alilihitaji, na nilijua mwenyewe jinsi mtu anavyolihitaji. Lakini nilikuwa nimeisikia ile kona. Nikaona barabara yote mpaka Mikumi, na unyayo wake peku juu ya bati ambalo hakuna aliyeligonga.

"Kwa leo linaenda, Fundi," nilisema.

"Eeh?"

"Kwa leo linaenda!" Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika, na kinyozi akageuka pembeni kuficha uso.

Fundi alitikisa kichwa kukubali. Alivua ndala, akazishika mkononi, akapanda. Aliiweka miguu yake miwili kwenye kona ya kushoto, na nikawasha.

Kona haikulia. Tulipita mashimo, tukapita madaraja, niliingojea kila mahali nilipozoea kuisikia, haikulia. Uzito wake ulikuwa umeibana. Niliendesha polepole mpaka bodaboda zikatupita. Hakutazama nje hata mara moja; alitazama miguu yake. Mikumi, mbele ya nyumba ya binti yake, alishuka akavaa ndala, akaja upande wangu wa dirisha.

"Kona ya kushoto."

Nilishtuka. Nikamwonyesha sikio, kuuliza amesikiaje.

"Sijasikia. Imenitekenya nyayo tangu Ulaya. Usiwaache wamwage lami. Wakate mpaka wakutane na kizima, na wewe uingize mkono."

Nilirudi peke yangu. Sijafika hata mwisho wa nyumba za Mikumi kona ikaanza kulia, safari hii kwa sauti zaidi, au niliisikia zaidi. Nilizima redio. Kwenye mashimo mabaya nilisimama kabisa, nikapita kwa gia ya kwanza. Jua lilikuwa linazama nilipoingia uani kwetu, Baba Zawadi yuko kwenye benchi. Sijashuka, simu ikaita. Alikuwa binti wa Fundi.

"Mama Zawadi, samahani. Baba amegoma kula. Anauliza kama gari limerudi."

"Mwambie limerudi," nilisema.

Nikamsikia akipaza sauti kwenye sikio la baba yake, "Limerudi, Baba, limerudi," mara ya pili na ya tatu, kisha nikasikia kifuniko cha hotipoti kikifunguliwa.